Mbwa Akialikwa Kikundini: Ziara za Wanyama Katika Vikundi vya Kusaidiana vya Afya ya Akili

Kikundi cha kusaidiana cha afya ya akili hakihitaji vitu vingi. Viti hupangwa duara, mwezeshaji asiyelipwa huketi pamoja na wenzake, na kila mwanachama huja na mzigo wake: huyu ana sonona, yule ana wasiwasi usiokatika, mwingine ana kiwewe, mwingine ana ugonjwa unaomtaka ameze dawa miaka nenda miaka rudi. Hapana daktari wala faili. Kinachowaweka pamoja ni kwamba anayesikiliza ameyapitia anayoyasikia. Mtindo huu una umri wake. Alcoholics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na miaka miwili baadaye daktari Abraham Low alianzisha Chicago kikundi cha watu waliotoka hospitali za akili, ili wasaidiane kuishi tena nje.

Kisha hutokea pendekezo: kuna mtu anayezunguka hospitali na mbwa wake kuwaliwaza wagonjwa, kwa nini tusimwalike naye aje kwetu? Aghalabu wengi hufurahi papo hapo na wachache hunyamaza. Maswali hufuata. Huyo mbwa anatibu? Ana kibali cha nani? Akimng'ata mtu, dhamana ni ya nani? Na je, kuna ushahidi wa maana, au tunajipumbaza tu?

Niseme mapema ninachokiamini. Mnyama hamtibu mtu yeyote katika kikundi cha kusaidiana. Anachofanya ni kuwapa watu nafasi ya kutulia na mahali pa kuanzia mazungumzo, na hilo si dogo hata kidogo kwa mtu ambaye amekaa vikao kadhaa bila kufungua kinywa. Lakini faida hiyo hupatikana tu pale ambapo kila aliyemo chumbani, mnyama mwenyewe akiwemo, ana nafasi ya kweli ya kukataa. Vikundi vingi huitafuta faida na kulisahau sharti lake.

Wanyama wa aina tatu

Sehemu kubwa ya ubishi hutokana na kuchanganya wanyama ambao kazi zao hazifanani.

Wa kwanza ni mbwa wa huduma. Huyu amefundishwa kazi mahususi kwa ajili ya mtu mmoja mwenye ulemavu: kumwongoza asiyeona, kumshtua asiyesikia pale kengele inapolia, kumwamsha mwenye kiwewe anapopatwa na jinamizi. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inamtambua mbwa peke yake kwa kazi hiyo, na kwa masharti ya pekee farasi wa umbo dogo, na humruhusu kuingia karibu kila mahali ambapo umma unaingia. Mwanachama akija kikundini na mbwa wa namna hii, mbwa huyo si mgeni wa kikundi. Yuko kazini, na kumpapasa bila ruhusa ni kama kumvuta mkono mtu anayeendesha gari.

Wa pili ni mnyama wa faraja, anayeishi na mwenyewe nyumbani na kumpunguzia upweke au hofu kwa kuwapo tu. Hakufundishwa kazi. Anaweza kuwa paka, sungura au kasuku. Haki zake ni finyu kuliko watu wengi wanavyodhani. Marekani hiyohiyo, kanuni zilizoanza kutumika Januari 2021 ziliyaondolea mashirika ya ndege wajibu wa kumhesabu sawa na mbwa wa huduma.

Wa tatu ndiye anayetuhusu: mnyama wa ziara, ambaye mwenyewe humpeleka kwa watu wengine ili wakae naye. Hana haki ya kuingia popote. Huingia kwa mwaliko, na mwaliko ukiisha hutoka. Hachaguliwi kwa ujuzi wake bali kwa tabia: anapenda watu asiowajua, hashtuki ovyo, na akishtuka hutulia upesi.

Hata hapo pana mgawanyo mmoja zaidi, na ndio muhimu kuliko yote. IAHAIO, jumuiya ya kimataifa ya mashirika yanayoshughulikia uhusiano wa binadamu na wanyama, ilitoa waraka wa ufafanuzi mwaka 2014 na kuurekebisha mwaka 2018. Waraka huo unatenganisha tiba na shughuli za kawaida. Tiba inayomhusisha mnyama huongozwa na mtaalamu wa afya mwenye sifa, huwa na malengo yaliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa fulani, na maendeleo hupimwa na kuandikwa. Shughuli za kawaida hazina hayo. Mtu wa kujitolea huja na mnyama wake, watu huchangamka na kufarijika, basi. Kikundi cha kusaidiana kinafanya hili la pili, hata kama mbwa aliyekuja ni yuleyule ambaye asubuhi alikuwa kliniki na mwanasaikolojia.

Kwa hiyo msiandike kwenye tangazo lenu kwamba mna tiba ya mbwa. Mwenye sonona kali akisoma neno tiba anaweza kuahirisha kumwona daktari, au akaacha dawa kwa kudhani amepata njia nyepesi. Andikeni ziara ya mbwa. Anayetaka kuja atakuja.

Wazo lililotoka mbali

Mwaka 1796 William Tuke na wenzake wa dhehebu la Kikristo la Waquaker walifungua York, Uingereza, nyumba ya wagonjwa wa akili iliyojulikana kama Retreat, katika zama ambazo kwingineko wagonjwa hao walifungwa minyororo. Uani mwake waliwekwa sungura, kuku na ndege wengine, kwa imani kwamba kuwa karibu na viumbe hao huamsha upole na hamu ya kuishi na wenzako. Muuguzi Florence Nightingale naye, katikati ya karne ya 19, aliandika kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa aliyelala kitandani muda mrefu. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchunguza nafsi kwa mazungumzo, katika miaka ya 1930, alikuwa na mbwa wake Jofi chumbani alipokuwa akiwasikiliza wagonjwa wake Vienna.

Lakini aliyelifanya jambo hili lijadiliwe na wataalamu ni Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York. Mama mmoja alifika na mwanawe kabla ya saa waliyopangiwa, na Jingles, mbwa wa Levinson, alikuwa bado chumbani. Mtoto yule alikuwa amejifungia ndani ya nafsi yake, haingiliki. Jingles alimwendea, akamlamba, na mtoto akamkumbatia. Levinson aliandika kuhusu hali hiyo mwaka 1962, na baadhi ya wenzake walimcheka. Nadhani hawakumsoma vizuri. Hakudai kwamba mbwa alimponya mtoto. Alieleza kwamba kupitia Jingles alikubaliwa kuingia katika mchezo wa mtoto, na kazi yake mwenyewe ya tiba ikapata pa kuanzia. Zaidi ya miaka 60 imepita, na hiyo bado ndiyo namna iliyo sahihi ya kulieleza jambo hili.

Ziara za watu wa kujitolea zilipata utaratibu baadaye. Muuguzi Elaine Smith alianzisha Therapy Dogs International huko Marekani mwaka 1976, shirika ambalo leo linaitwa Pet Partners likafuata mwaka 1977, na Uingereza ikapata Pets As Therapy mwaka 1983.

Kinachotokea mwilini, na kinachotokea chumbani

Mtu akimpapasa mbwa aliyetulia, mwili hubadilika kwa namna inayopimika. Mwaka 2003 Odendaal na Meintjes, watafiti wa Afrika Kusini, waliripoti kwamba shinikizo la damu hushuka na oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu, hupanda, kwa binadamu na kwa mbwa pia. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa binadamu. Mwaka 2019 Pendry na Vandagriff wa Chuo Kikuu cha Washington State waliwagawa wanafunzi 249 katika makundi manne. Kundi moja liliwashika mbwa na paka kwa dakika 10, la pili liliwatazama wenzao wakifanya hivyo, la tatu lilionyeshwa picha za wanyama walewale, la nne liliambiwa lisubiri. Waliowashika wanyama ndio ambao kotisoli katika mate yao ilikuwa chini zaidi baadaye.

Mwenye kupanga ziara ayazingatie matokeo hayo. Kutazama hakukutosha, mkono ndio ulioleta tofauti. Mkiwa watu 15 kwenye duara na mbwa mmoja, na watu watatu tu wakamfikia, mmewapa watatu ziara na 12 maonyesho. Afadhali watu wachache na muda wa kutosha.

Ila tusizidishe. Msongo wa mwanafunzi anayengoja mtihani si sawa na sonona ya miaka saba. Tafiti nyingi katika eneo hili ni ndogo. Mbwa hawezi kufichwa kama dawa inavyofichwa katika majaribio kwa kutumia kidonge kitupu kinachofanana nayo, kwa hiyo kila mshiriki anajua amepewa nini na anatarajia nini. Wanaojiandikisha ni wale wanaopenda wanyama tangu hapo. Tena mbwa haji peke yake: huja na mtu mwema mwenye tabasamu, siku ambayo utaratibu umebadilika na kila mtu amechangamka, na ni vigumu kujua lipi kati ya hayo lilifanya kazi. Ukiniuliza, nitakujibu hivi: utulivu wa muda mfupi tuna sababu nzuri ya kuuamini. Kwamba ziara hizi hupunguza ugonjwa wenyewe kwa miezi na miaka, ushahidi bado mwembamba, na kikundi kisiwaahidi watu hivyo.

Yako pia mambo ambayo hayapimwi kwa mate. Katika duara la viti, macho ni mzigo. Mtu mwenye wasiwasi hajui ayaweke wapi: akimtazama mwenzake anaona anahukumiwa, akitazama chini anaona anajificha. Mbwa akilala katikati, macho ya wote yanapata pa kupumzikia bila mtu kuonekana anamkwepa mwenzake. Mikono inayotetemeka inapata kazi. Na mtu ambaye hawezi kusema "nilikuwa na hali mbaya wiki hii" huweza kusema "nyumbani tulikuwa na mbwa kama huyu," akaendelea kusema ni nani aliyemleta mbwa huyo, aliondoka lini, na nyumba ikawaje baadaye. Hakuna aliyemuuliza. Mbwa haulizi, hatoi ushauri, wala hakuambii mbona wenzako wameweza.

Kwa sababu hiyohiyo mbwa anaweza kuwa maficho. Nimeona mazungumzo yakizunguka manyoya, umri na vituko vya mnyama mpaka saa zikaisha, na aliyekuja na jambo zito akarudi nalo. Ndiyo maana napendelea ziara ichukue sehemu ya mwanzo tu ya kikao, kisha mbwa aondoke au alale kando kwa mwenyewe, na duara lirudi kwenye kazi yake.

Anayeshika kamba

Hili ndilo vikundi husahau kuliko yote. Tunamwalika mbwa, kumbe tumemwalika pia mtu.

Kanuni ya kwanza ya kikundi chochote cha kusaidiana ni kwamba yanayosemwa humu yanabaki humu. Inashikika kwa sababu kila mmoja ana lake la kupoteza: siri yangu iko kwako, na yako iko kwangu. Mwenye mbwa hayumo katika mapatano hayo. Ni mtu mwema, anajitolea, lakini amekaa pale akisikia nani alijaribu kujiua na nani kafukuzwa na mumewe, naye hakutoa lolote la kwake. Pengine anamfahamu dada wa mmoja wao. Wanachama huhisi kutolingana huko hata kama hawakusemi, na wengine hunyamaza siku hiyo bila mtu kujua sababu.

Vikundi vina njia kadhaa. Mwenye mbwa anaweza kutoa ahadi ya usiri mbele ya wote kama mwanachama yeyote. Anaweza kuwapo katika sehemu ya kusalimiana na kustarehe tu, na siri zikaanza kusemwa akishatoka. Au mbwa awe wa mwanachama. Hii ya mwisho huonekana rahisi na ndiyo ninayoiogopa. Mwenye mbwa akiwa na wiki mbaya, mbwa huja akiwa na wasiwasi ule ule. Na nani atakuwa na ujasiri wa kumwambia mwenzake wa kikundi, aliyemwona akilia juzi, kwamba mbwa wake anamsumbua? Njia ya pili ndiyo salama zaidi, hasa katika miezi ya mwanzo.

Mwenye mbwa asipewe pia kazi ya kuongoza mazungumzo. Macho yake yana kazi moja, kumwangalia mnyama, na mwezeshaji ana kazi moja, kuwaangalia watu. Anayezifanya zote mbili hukosa kote.

Na picha. Watu wa ziara hupenda kupiga picha za mbwa wao kazini na kuziweka mtandaoni, kwa nia njema kabisa. Picha ya mbwa peke yake zuliani inaonekana haina neno, mpaka mtu atambue viatu vilivyo nyuma yake, au mfuko, au chumba chenyewe. Katika kikao cha afya ya akili simu isitoke mfukoni.

Kuhusu dhamana, palipo na shirika linalosajili wanyama wa ziara kazi ni nyepesi. Pet Partners na Pets As Therapy huwapima mbwa na wenye mbwa pamoja, na waliosajiliwa hupata bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Pasipo na shirika, kikundi hakina budi kumpima mgeni wake chenyewe, na vipimo vya mashirika hayo vinaweza kuigwa: mtu asiyemjua ampapase mbwa kwa kumvamiavamia, watu kadhaa wamzunguke kwa pamoja, wawili wagombane kwa sauti karibu naye, chombo cha bati kiangushwe nyuma yake. Kushtuka si kosa. Kinachotazamwa ni baada ya kushtuka anafanya nini, na je, mwenyewe ameliona au anaendelea kuongea. Pet Partners humtaka mbwa awe na umri usiopungua mwaka mmoja, awe ameishi na mwenyewe angalau miezi sita, na apimwe upya kila baada ya miaka miwili. Fanyeni yote hayo, lakini jueni kwamba hakuna kipimo kinachochukua nafasi ya bima. Mwenye ukumbi anaulizwa kabla ya siku, na jibu lake linaandikwa.

Waliokaa kimya

Rudi kwa wale wachache walionyamaza pendekezo lilipotolewa. Mmoja aling'atwa utotoni. Mwingine ana pumu. Imani ya mwingine inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa. Mwingine amefiwa na paka aliyekuwa mwenzi wake wa pekee na hajawahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Na yuko ambaye mume katili alikuwa akimtesa mnyama wa nyumbani mbele yake ili ajue kitakachompata. Mwenye kovu usidhani kapoa, na katika kikundi cha namna hii makovu ndiyo yaliyowaleta watu.

Kwa hiyo idhini haitafutwi kwa kunyoosha mikono. Mtu mwenye wasiwasi hatanyoosha mkono peke yake kupinga furaha ya wenzake kumi. Mwezeshaji awaulize mmoja mmoja, kwa ujumbe wa faragha au kwa kikaratasi kisicho na jina, na aulize mapema. Likirudi jibu la hapana, lisitafutiwe mwenyewe wala lisijadiliwe kikaoni.

Wengi hutatua jambo hili kwa kumwambia asiyetaka, basi wiki hiyo usije. Nawasihi msifanye hivyo. Mtu mwenye sonona akiambiwa usije wiki hii anasikia kwamba hatakiwi, na huenda asirudi tena. Ziara iwe kikao cha ziada, siku nyingine, kwa anayetaka. Kikao cha kawaida kibaki mali ya wote.

Chumba nacho kina usemi. Kinacholeta mzio ni protini zilizo katika mate na magamba madogo ya ngozi ya mnyama, nazo hushika zulia na vitambaa vya viti muda mrefu baada ya mnyama kuondoka. Za paka hukaa miezi. Sakafu isiyo na zulia na madirisha yaliyo wazi vinafaa kuliko ukumbi mzuri wenye makochi.

Mnyama naye anasema

Mtazame mbwa aliyeko katikati ya watu wanaompenda. Mkono unakuja juu ya kichwa chake. Anapiga mwayo, ingawa hana usingizi. Anajilamba pua haraka, mara moja, na tena. Anageuza uso pembeni ilhali mwili umebaki palepale, na weupe wa jicho unaonekana kwa kona. Mkia bado unatikisika, kwa hiyo watu wanasema tazama alivyofurahi. Hakufurahi. Anaomba nafasi kwa adabu, na mbwa anayeombwa kuvumilia kila wiki ndiye ambaye siku moja, kwa mshangao wa wote, hunguruma au hung'ata.

Kuna jaribio dogo ambalo kila mwanachama anaweza kufundishwa. Mwache mbwa akujie mwenyewe. Mpapase kifuani au ubavuni mwa shingo kwa sekunde tatu hivi, kisha ondoa mkono. Akijisogeza tena kwako, endelea. Akibaki alivyo au akigeuka, amekwisha kukujibu. Mafunzo haya yana faida ambayo haikukusudiwa: watu ambao mipaka yao haikuheshimiwa hujizoeza, na mnyama, kuuliza kwanza na kupokea hapana bila kuumia. Nimeona hilo likifanya kazi kuliko kupapasa kwenyewe.

Kumkumbatia mbwa shingoni, jambo ambalo watu wenye majonzi hulitamani sana, mbwa wengi hawalipendi. Na muda uwe na kikomo. Pet Partners huweka ukomo wa saa mbili kwa siku; kwa kikao chenye vilio na sauti za kupanda na kushuka, mimi ningeishia dakika 40. Maji yawepo, kitanda chake kiwe mahali ambapo hapana mtu anayemfuata, na njia ya mlangoni isizibwe na viti.

Mbwa si peke yake. Pet Partners husajili aina tisa za wanyama, wakiwemo paka, farasi, sungura, ndege na hata panya wa kufugwa. Kwa ukumbi wa kikundi hawafai wote. Sungura anahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu yeye ni windo, na windo likizidiwa na hofu huganda. Mtu humweka mapajani, akamwona hatikisiki, akasema ametulia.

Usafi ni jambo fupi. Chanjo zote ziwe hai, ya kichaa cha mbwa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dawa ya minyoo na ya viroboto itolewe kwa wakati. Mbwa anayelishwa nyama mbichi asije, maana anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua. Watu wanawe mikono kabla na baada. Mwenye kidonda kibichi au kinga dhaifu azungumze na daktari wake kwanza.

Siku mambo yakiwa mazito

Mwanachama anaweza kusema, mbele ya mbwa na mwenye mbwa, kwamba hataki kuishi. Hapo watu wa kujitolea hupata kishawishi cha kumsogezea mbwa, amshike, atulie. Msifanye hivyo. Wakubaliane mapema mwezeshaji na mwenye mbwa juu ya ishara moja, na ikitolewa mgeni aondoke na mnyama wake bila maneno. Mwezeshaji amuulize mtu huyo waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, na msaada wa dharura utafutwe papo hapo. Mkono juu ya manyoya unaweza kumfanya aonekane ametulia, na utulivu huo wa nje ukawadanganya wote.

Kuna pia siku ambayo mbwa hatakuja tena. Mbwa huzeeka upesi, hustaafu, hufa. Kikundi ambacho wengi wao wamejaa misiba ya watu hakistahili kupata habari hiyo kwa kuona kitanda kitupu. Mwenye mbwa aahidi tangu mwanzo kwamba atatoa taarifa mapema, na inapowezekana ije ziara ya kuagana. Likitokea la ghafla, mwezeshaji amwambie kila mwanachama kabla ya kikao, kisha kikao hicho kitengwe kwa ajili ya habari hiyo. Usishangae mtu ambaye hakulia kwa mama yake akilia hapo.

Mkitaka kuanza, anzeni na ziara moja ya majaribio, si mfululizo. Kipimo chake kisifanywe siku hiyohiyo, wakati kila mtu bado anatabasamu. Subirini kikao kinachofuata, kisicho na mbwa, kisha msikilize. Watu wakiongea wao kwa wao kuliko zamani, na yule aliyekuwa kimya akamaliza sentensi alizozianza juzi akimpapasa mbwa, mwalikeni tena. Wakikaa wakiuliza tu mbwa atarudi lini, msimwalike bado; shughulikieni kwanza kile ambacho duara lenyewe limeshindwa kuwapa.